Wakuu Watatu na Mkono wa Wendelini

Sogeeni. Wa nyuma waje mbele, na anayetafuna ameze kwanza. Kazi yangu leo ni kusimulia, kuhukumu ni kazi yenu. Msije mkaniuliza mwishoni nani mwenye haki, maana ningelijua hilo ningekuwa napata usingizi.

Palikuwa na mlima uitwao Lihanje, huko Umatengoni, ambako watu hulima miteremko mikali kwa kuchimba vishimo vya kushika maji, wenyewe wanaviita ngoro. Juu ya mlima huo palikuwa na nyumba tatu: kanisa, seminari ndogo ya wavulana, na chuo kikuu kidogo. Kila nyumba ilikuwa na mkuu wake. Wa kanisa aliitwa paroko, wa seminari aliitwa gombera, na wa chuo, mkuu wa chuo. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Lihanje ilikaa na watatu, tena miaka mingi, bila pembe kugongana.

Siri yao ilikuwa adabu. Mkuu haingii nyumba ya mwenzake bila kukaribishwa. Mkuu hamwamrishi mtoto wa mwenzake. Mkuu hagusi kengele isiyo yake. Watu wa bondeni waliisifu adabu hiyo mpaka wakaitungia wimbo wa kwaya. Wekeni hilo akilini, tutalirudia.

Sasa, vipaji vyao.

Padri Otmari Ndunguru, paroko, alijaliwa sauti. Akisema "Simameni," hata wazee wenye magoti mabovu walisimama kwanza, ndipo wakakumbuka kwamba wanaumwa. Mwaka fulani nyuki walivamia maandamano ya Ekaristi, watu wakataka kukanyagana. Akasema neno moja tu, "Taratibu," nao wakaenda taratibu, huku wakidungwa.

Padri Meinradi Kapinga, gombera, alijaliwa kuwajua watoto. Kila mvulana alimjua kwa mwendo wake, kwa kikohozi chake, kwa namna alivyoburuta kiti. Alijua nani anaumwa kweli na nani anaukimbia mtihani wa hesabu. Akipita bwenini taa zikiwa zimezimwa, alitaja majina ya waliokuwa macho, nao wakalala kwa aibu.

Padri Longini Hyera, mkuu wa chuo, alijaliwa kuielewa ardhi. Watu walikuwa wamesahau kabisa kwamba naye ni padri, wakamwita Profesa. Alichota udongo, akaunusa, akauonja hata mbele ya wageni. Aliwahi kumwambia mzee mmoja ahamishe nyumba yake, mzee akacheka sana. Masika hayo hayo nyumba ikapasuka katikati kama boga.

Hao ndio wakuu. Lakini hadithi si yao, ni ya Gaudensia Mbele, mjane wa bondeni, aliyelima maharage na ngano kwenye ngoro zake na kulea wana wawili. Mkubwa aliitwa Kolumbani, mdogo Wendelini. Watu walimwita Mama Kolumbani, kwa jina la kifungua mimba wake, kama ilivyo desturi.

Na Lihanje ina desturi zake. Siku mzazi anapompeleka mwanawe seminari, humshika mkono juu ya kifundo, mbele ya watu, akaukabidhi mkono huo kwa gombera na kusema, "Mikono yangu mitupu." Gombera hujibu, "Yangu imejaa." Kuanzia hapo yeye ndiye wa kuulizwa habari za mtoto. Likimpata jambo, gombera hatumi mtu wala barua. Hushuka mwenyewe kwa miguu, kichwa wazi, akasimama uani kwa mzazi mpaka aulizwe: "Mtoto wangu yuko wapi?" Naye hujibu. Hiyo ndiyo kazi ya mkuu, wazee walisema. Mengine yote, kusaini na kuhutubia, hata kasuku anaweza.

Desturi nyingine ni ya kengele. Kengele kubwa ya kanisa ikilia, tatu, kimya, tatu, kila mtu wa Lihanje husimama pale pale alipo na kusali mpaka inyamaze. Mwenye jembe huliacha ardhini, mwenye mzigo husimama nao kichwani, wavulana huvua kofia. Mgeni akifika saa hiyo hudhani mlima mzima umegandishwa. Gaudensia aliwafundisha wanawe jambo hilo kabla hawajajua kujifunga kamba za viatu. Kolumbani alipokuwa mdogo alipenda kuchezacheza kengele ikilia, na mama akamfinya sikio. Hakumfinya mara nyingi. Mtoto alikuwa mwepesi kushika.

Wote wawili aliwakabidhi kwa gombera, kila mmoja kwa mwaka wake. Alisema "Mikono yangu mitupu" mara ya kwanza akicheka, mara ya pili akilia kidogo, maana nyumba ilibaki kimya kweli.

Basi yakaja masika yale. Mvua ilinyesha mpaka mahindi yakaoza yakiwa yamesimama. Siku moja, baada ya chakula cha mchana, mabomba ya seminari yakakauka. Mvua inamwagika nje, ndani hakuna tone la kuoshea sahani. Jikoni wakapiga kelele. Gombera akafikiri majani yameziba bomba kule juu kwenye chemchemi, kama yalivyowahi kuziba. Akamwita Kolumbani.

"Panda chemchemini ukaangalie kumetokea nini. Usirudi bila kujua sababu."

"Ndiyo, Baba Gombera," akasema Kolumbani, akavaa kofia yake, akapanda.

Saa ya mapumziko ikaanza. Wavulana wakalala bwenini, gombera akafunga mlango wake na kuvuta pazia. Katika seminari ile saa ya mapumziko ilikuwa takatifu kidogo kupita misa. Mkiwauliza walimu watawaambia sizui.

Ng'ambo ya uwanja, Profesa Hyera alikuwa dirishani kwake akiutazama mfereji uliopita chini ya chuo. Tangu asubuhi maji yake yalikuwa mekundu. Sasa akaona mfereji umekauka. Akatazama juu, mvua bado inanyesha. Akatazama chini tena. Akashika kichwa.

"Maji yamekoma na mvua inanyesha," akajisemea. "Basi mlima umeyameza. Na mlima hauwezi kuyabeba."

Alitoka bila mwavuli wala kofia, akakimbia. Mzee wa umri wake kukimbia, wanachuo wakacheka. Alifika seminari akihema, akakuta pazia limevutwa. Kengele ya seminari ilining'inia pale pale barazani, kamba yake ikigusa bega lake. Lakini kengele ile haikuwa yake. Na mlango ule ulikuwa wa mwenzake, na saa ile ilikuwa ya mapumziko. Akabisha kidogo, kwa vidole. Kimya. Basi mtu huyu aliyejua kwamba mlima unakuja akaketi kwenye benchi, akasubiri kukaribishwa.

Msimtukane haraka. Miaka yote alikuwa mtu wa adabu, na adabu haivuliwi kama koti. Alikaa kwa muda wa mama kuchambua maharage ya sufuria moja. Ndipo akaruka, akaupiga mlango kwa ngumi mbili.

"Meinradi! Toka! Mlima unakuja!"

Gombera akatoka na soksi tu, bila viatu. Profesa akamweleza kwa maneno machache: wasishuke kwa barabara ya bondeni ambako kila mtu angekimbilia, maana tope litafuata bonde. Wakate uwanja, wapande kanisani. Kanisa limejengwa juu ya mwamba. Kisha akaenda mbio kwa paroko kumwambia hayo hayo, na safari hii hakubisha.

Kama Profesa asingekuja, hakuna ambaye angejua. Wote wangefukiwa vitandani, wengine wakiota.

Gombera hakuuliza mara mbili. Aliwatoa wavulana bwenini bila viatu, yeye akasimama mlangoni akiisikiliza miguu yao ikimpita. Wa mwisho alipotoka, akajua hayupo mmoja mwenye mwendo mwepesi wa kuburuta kisigino. Wendelini. Alikuwa na malaria, kalala chumba cha wagonjwa, kajifunika blanketi mpaka kichwani, na katika ghasia ile kila mtu alimsahau. Gombera akarudi ndani peke yake, akambeba mgongoni.

Akiwa mlangoni na mtoto mgongoni, mwendo mwingine ukamjia akilini, mzito, wa hatua ndefu, ambao nao haukumpita. Akakumbuka amemtuma wapi. Mtoto mmoja alikuwa mgongoni mwake anaungua kwa homa, mwingine alikuwa juu mlimani, na yeye ana miguu miwili tu. Akageukia kanisani.

Kama gombera asingewajua watoto wake kwa miguu, Wendelini angebaki chini ya blanketi lile.

Naye paroko, alipoambiwa, alikimbilia kamba ya kengele kubwa. Aliwafikiria wanawake kwenye ngoro, wanachuo, wavulana, watu wote waliokuwa njiani mwa tope. Akavuta. Lakini mkono wa mtu aliyevuta kamba ile ile maisha yake yote haujui kupiga vingine. Uligonga tatu. Ukanyamaza. Ukagonga tatu.

Mlima mzima ukasimama.

Wanawake waliacha majembe wakasimama. Wanachuo wakasimama ngazini. Wavulana wa seminari, katikati ya uwanja, bila viatu, kwenye mvua, wakasimama na kuunganisha mikono. Mbingu ilikuwa nyeusi kwa mawingu, wengi wakadhani ni sala ya jioni. Paroko akachungulia nje akayaona hayo, akaiachia kamba, akatoka hadi barazani mwa kanisa, akaifungulia sauti yake yote aliyopewa na Mungu.

"Msisimame! Leo hakuna kusimama! Kimbieni! Kanisani, kanisani!"

Wakakimbia. Walipojazana langoni na kuanza kusukumana, akasema, "Wadogo kwanza," na wakubwa wakarudi nyuma kuwapisha. Wanawake wakafika na watoto migongoni. Gombera akaingia wa mwisho na Wendelini. Kisha wakaisikia Lihanje ikishuka. Bweni likaenda, chumba cha wagonjwa kikaenda, nusu ya chuo ikaenda, na barabara ya bondeni ikazikwa yote.

Kama si sauti ya paroko, wangekufa wakisali.

Watu walikumbatiana, wakalia, wakaanza kuimba. Gombera peke yake hakuimba. Alimlaza Wendelini kwenye benchi, akamwendea paroko, akasema neno moja.

"Kolumbani."

Sauti ya paroko ilifika kila mahali isipokuwa chemchemini, kwa sababu kuna korongo hapo katikati, na korongo humeza maneno. Lakini kengele hulivuka. Ng'ambo ya korongo alikuwako mwanamke anayeitwa Kunigunda Komba, jirani yake Gaudensia, amejikinga mvua kwenye kibanda cha shamba. Alimwona mvulana amemaliza kuikagua chemchemi na ameanza kushuka, tena kwa haraka. Akasikia kengele. Akamwona mvulana anasimama, anavua kofia, anainamisha kichwa. Kunigunda naye akainamisha chake. Alipokiinua, hakumwona mvulana, na mahali pale hapakuwa na mlima.

Walipomchimbua, mikono yake miwili ilikuwa bado imeishika kofia kifuani.

Tumefundishwa sote, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Haya, Kolumbani alisikia. Alisikia la gombera akapanda, akasikia la kengele akasimama. Methali nazo hazijui kuomba radhi.

Gaudensia alizika. Sitawasimulia mazishi, mnajua mazishi. Nitawasimulia yaliyofuata.

Wa kwanza kushuka alikuwa gombera. Alikuja kwa miguu, kichwa wazi, akasimama uani.

"Tumsifu Yesu Kristu."

"Milele, amina," akajibu Gaudensia. Akajikaza, akauliza kama desturi inavyotaka: "Mtoto wangu yuko wapi?"

"Amekufa, Mama Kolumbani. Nilimtuma mimi."

"Kwa nini yeye? Watoto wamejaa kule."

"Kwa sababu nilimjua. Mwingine angefika nusu ya njia akarudi na uongo. Yeye nilijua atafika."

Moyo wa Gaudensia ukajaa fahari kwa mwanawe, na hapo hapo akaichukia fahari hiyo. Alimtazama yule padri, akakumbuka ni mgongo wa huyu uliombeba Wendelini. Akamletea maji ya kunywa. Gombera aliyanywa amesimama, akaondoka.

Wa pili alikuwa paroko. Hakuna aliyemwita, maana mtoto hakukabidhiwa kwake. Alikuja tu. Sauti yake ilikuwa ndogo sana, ikabidi Gaudensia amsogelee.

"Mtoto wangu yuko wapi?"

"Nilimsimamisha, mama."

"Ulisema nini, baba? Sikukusikia."

"Alikuwa anashuka. Nikapiga kengele, akasimama. Angeendelea kutembea..."

Gaudensia alikaa chini, pale pale kwenye vumbi la ua. Alikuwa ameshayasikia kwa Kunigunda, lakini kuyasikia kwa aliyeivuta kamba ni jambo jingine.

"Aliyemfundisha kusimama ni mimi," akasema. "Nilimfinya sikio."

Wakalia wote wawili. Wakubwa wakilia pamoja hakuna wa kumbembeleza mwenzake.

Wa tatu alikawia sana kuja. Profesa Hyera alisimama nje ya ua kwa muda mrefu mpaka Gaudensia mwenyewe akamkaribisha ndani na kumsogezea kiti.

"Asante, Mama Wendelini, sikai," akasema Profesa. "Nilishakaa. Nilikaa pale barazani, na kengele ya seminari iko begani kwangu. Ningeigonga nilipofika, gombera angetoka, angekumbuka amemtuma nani, na mtu angepanda kumwita. Muda ulikuwapo. Niliukalia."

"Kwa nini?"

"Kwa adabu."

Gaudensia alikirudisha kiti mahali pake. Kisha akasema taratibu, "Mimi ni Mama Kolumbani. Usinibadilishe jina."

"Nisamehe, Mama Kolumbani."

Jioni Kunigunda alimjia na bakuli la uji, akampa na maoni yake, maana Kunigunda hawezi kutoa kimoja bila kingine.

"Mimi ningekuwa wewe ningewafagia wote watatu kwa ufagio wa chooni."

"Ungewafagia, na Wendelini yuko hai kwa sababu ya nani?" akauliza Gaudensia. Kunigunda akasema uji unapoa.

Sasa Baba Askofu akaja Lihanje. Alizunguka kwenye matope yaliyokauka, akawahoji wakuu wote, kisha akawaita watu ukumbini mwa parokia.

"Mlima huu," akasema, "ulikuwa na wakuu watatu wakipishana milangoni kwa heshima. Wa ardhi alimsubiri wa watoto, wa watoto hakujua la ardhi, wa kengele hakujua aliyeko juu. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na hapa imeua. Kuanzia sasa Lihanje itakuwa nyumba moja, na mkuu mmoja. Kanisa, seminari na chuo. Milango yote itakuwa yake, kengele zote zake, na maswali yote yataulizwa kwake."

Watu wakanong'ona. Askofu akaendelea.

"Nimesali juu ya majina matatu na sikuweza kuchagua. Kila mmoja amewaokoa wote, na kila mmoja ana sehemu yake katika kifo cha yule mmoja. Lakini ninyi mna desturi: mkuu si mkuu mpaka mzazi ampe mkono wa mtoto mbele ya watu. Kwa hiyo naomba Mama Kolumbani amlete mwanawe aliyebaki. Atakayepewa mkono ule, huyo nitamsimika. Akikataa sitamlaumu, ila mlima utabaki na watatu kama mwanzo."

Mtasema, amchukue mwanawe arudi naye bondeni, wakalime maharage yao kwa amani. Naye aliliwaza hilo siku nyingi. Alimuuliza Wendelini, ambaye homa ilikuwa imemwacha mwembamba, akamwambia yuko tayari kumwachisha shule. Wendelini akasema kaka yake alimwahidi kwamba watamaliza wote. Na tena mama aliona jambo moja wazi: akikataa, wakuu watatu watarudi kila mmoja kwenye nyumba yake, adabu itarudi barazani na kukaa kwenye benchi lile lile, na mtoto wa mwanamke mwingine atatumwa chemchemini. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na yeye hakumtakia mzazi mwenzake.

Basi siku ikafika. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Wakuu watatu walisimama mstari mmoja, vichwa wazi, hakuna aliyevaa cha cheo. Hakuna aliyejitetea. Kila mmoja alipopewa nafasi ya kusema, alisema mwenzake anafaa kuliko yeye. Gaudensia alisikiliza akakasirika. Hata hapa, alijisemea, wanapishana mlangoni.

Akamshika Wendelini mkono juu ya kifundo, akatembea naye mpaka mbele. Hapo mtoto, ambaye hakuna aliyemtarajia kusema, akainua uso.

"Nina swali," akasema. "Kengele ikilia, nisimame au nikimbie?"

Ukumbi mzima ulikuwa ukijiuliza swali hilo tangu masika, ila hakuna aliyethubutu kulitamka. Askofu akawatazama wakuu. "Mjibuni."

Paroko akajibu kwanza, kwa sauti yake ndogo ya siku hizi. "Mwanangu, sitaipiga tena kama zamani. Nitaufundisha mkono wangu upya. Ikilia kwa hatari utaijua kuwa ni ya hatari, nawe utakimbia."

Gombera akasema, "Usiitazame kengele, nitazame mimi. Sitakutuma tena mahali ambapo miguu yangu haikutangulia."

Profesa akasema, "Mimi nitakufundisha kuisoma ardhi, ili siku mkuu akikosea, uwe unajua mwenyewe. Na nikiona hatari nitaigonga kengele yoyote, ya yeyote."

Gaudensia aliyasikia majibu yote matatu. Aliyapima kwa kipimo kimoja alichonacho mama: lipi kati ya hayo, siku ile, lingemshusha Kolumbani kutoka chemchemini akiwa hai? Akaona kila moja lingemshusha. Akaona pia kwamba paroko anaahidi mkono usio na mazoea, na hakuna mkono wa namna hiyo. Kwamba gombera anaahidi miguu inayofika kote, naye ana miwili. Kwamba Profesa anamwahidi mtoto kumjua mkuu anapokosea, na mtoto anayejua hivyo akiwa na miaka kumi na mitatu hulala vipi?

Alisogea hatua moja. Kifundo cha mtoto kilikuwa na joto mkononi mwake. Kwenye kiti cha mbele Kunigunda alikuwa amefunika macho kwa khanga.

"Mikono yangu..." akaanza Gaudensia.

Neno la mwisho halikutoka. Mikono mitatu ilikuwa imenyooshwa mbele yake, na mwanawe mmoja.

Mimi namwacha hapo hapo. Msinitazame hivyo, niliwaambia mapema. Wengine wakisikia hadithi hii husema apewe aliyejua, maana bila kujua hakuna kuokoa. Wengine husema apewe aliyebeba, maana wajuao ni wengi, wabebao ni wachache. Wengine husema apewe aliyepaza sauti, kwa kuwa kati ya wote watatu yeye peke yake aliliona kosa lake likitendeka, na akalirekebisha kabla halijaua watu wote. Na bibi mmoja mahali fulani aliniambia, arudi nao nyumbani mkono ule, wakuu watatu na Askofu wao wabaki wakitazamana. Sikumbishia. Alikuwa amezika.

Haya, Gaudensia amechoka kusimama. Wewe uliye hapo mbele, shika mkono wa huyu mtoto badala yake. Umeushika? Una joto, au sivyo? Sasa tuambie, na utuambie kwa sauti ya kuvuka korongo: unamkabidhi nani?